Diski Pacha za Kilambo

Diski mbili hazikuwapo. Kabati la chuma lilikuwa na kufuli lake zima, lakini kwenye mashine ya kuhifadhia picha za kamera, kati ya nafasi nne, ya kwanza na ya tatu zilikuwa tupu.

Inspekta Somoe Nantanga alikataa kiti. Alizunguka ofisi ile ya kamera za kivuko, Magomeni, kama mtu aliyekanyaga siafu. Asubuhi hiyo alikuwa amefuata picha za kivuko cha Kilambo, za siku boti ilipopinduka mtoni na kuua abiria. Nahodha Fredi alidai imepinduliwa na kiboko. Wafiwa hawakumwamini.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, mlinzi, na fundi wetu Erasto," alijibu Bi Hadija, msimamizi. "Lakini usihofu, afande. Mwizi kakosea."

"Kivipi?"

"Kila picha inaandikwa kwenye diski mbili pacha. Moja ikifa, mwenzake anayo. Tulianza na jozi moja. Ilipokaribia kujaa, Erasto akaongeza ya pili bila kuvuruga ya zamani. Ndiyo maana tulichagua mpangilio huu. Sasa mwizi kachukua moja huku, moja kule. Zilizobaki zinatosha."

Akanyoosha mkono kuwasha mashine.

"Haitafunguka," Erasto alisema akiwa mlangoni.

Hadija akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Picha hakuna.

Somoe akageuka. "Umejuaje?"

"Pacha si moja na mbili. Ni moja na tatu, mbili na nne. Nilizipishanisha makusudi, kila pacha na waya wake, waya mmoja ukiungua zisife pamoja. Na vipande vya kila picha vimetawanywa kwenye jozi zote mbili. Ikitoka jozi nzima, vyote vimekwenda."

Alieleza upesi, kwa fahari ya fundi.

"Mlinzi anajua hayo?"

"Hapana."

"Bi Hadija?"

"Si umemsikia mwenyewe..."

Erasto akaachia mlango. Kauli yake ilikuwa imemfikia masikioni.

"Basi aliyechukua moja na tatu alibahatisha?"

Erasto akatazama nafasi mbili zilizo tupu.

"Fredi ni nani kwako?"

"Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Hadija akashika ukingo wa meza.

"Ulizitazama picha?"

"Nilizitazama. Hakukuwa na kiboko, afande. Alijaza watu kupita kiasi, boti ikalala ubavu. Mama mmoja akakamata boya. Fredi akambandua vidole, akaogelea nalo yeye."

"Akakuomba uzifute?"

"Alilia. Mimi ndiye niliyemlea baada ya baba kufa. Nikasema ikionekana mwizi kachukua mbili tu, wataamini ni bahati mbaya zikawa pacha."

"Ziko wapi?"

"Nanyamba, kwa mama yetu, ndani ya gunia la korosho. Nilinyanyua nyundo nikashindwa. Yule mama wa boya alikuwa anatazama kamera."

Alasiri diski zilirudi. Erasto akafunguliwa pingu, akazipachika mwenyewe. Taa ikageuka kijani. Mto ukatokea kwenye kioo, na watu wakipanda boti huku wakitaniana.

Simu ya Somoe ikaita. Alisikiliza, akakata.

"Wamemkamata Fredi, kule Kilambo."

"Kasema nini?" Erasto aliuliza.

Somoe akaweka simu mezani.

"Amecheka. Kasema, muulizeni kaka yangu, hizo picha hazipo."

Erasto akageuzia uso ukutani. Nyuma yake, boti ikaanza kuondoka.