Kyalo, Hiyo Usifute!

Siku ile mjinga alikuwa Kyalo, na ukimuuliza leo hakatai.

Alikuwa mapumzikoni kazini, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, anakunywa chai kwa mahamri. Simu ikalia. Namba ngeni. Akafungua, na hamri likamkwama kooni. Ilikuwa picha ya utupu ya Kavata, dadake, mwenye saluni kule Muyeye.

Mwenye akili angempigia dadake. Kyalo je? Aliisukuma picha ile kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wenzake, akaandika: "Nani anaijua namba hii? Leo atanitambua!"

Alitaka kumsaka adui. Akamsaidia kazi.

Jioni alikuta saluni imefungwa. Kavata alikuwa chumbani, macho mekundu.

"Ni Eugene," alisema. "Nilimtumia tulipokuwa wapenzi. Sasa anataka nimrudie; wewe amekutumia ili kunitisha. La sivyo, Jumapili ataituma kwa kundi la kina mama wa kanisa. Mama yumo mle, Kyalo!"

"Namwendea na panga!"

"Nenda. Wewe ufungwe, yeye aitume."

Kyalo akainyakua simu ya dadake. "Basi nafuta kila kitu!"

"Kyalo, hiyo usifute!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa jirani yao Linet, Mama Cindy, ambaye huwasaidia wanawake wa mtaa kupeleka kesi zao polisi.

"Ukifuta vitisho vyake, polisi tutawaonyesha nini? Machozi?"

Akaketi karibu na Kavata. "Usimjibu. Usimrudie, wala usimpe chochote. Akipata leo, kesho atataka tena. Kwanza piga picha ya skrini ya kila ujumbe, namba na tarehe zionekane. Ndipo umripoti kwa WhatsApp. Kesho asubuhi twende polisi, kwenye dawati la jinsia. Tusitoke bila namba ya OB, ile ya kuonyesha umeripoti. Kusambaza picha ya utupu ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai."

"Hata kama nilimtumia mwenyewe?"

"Ulimpa aione. Hukumpa aigawe."

Kyalo akakohoa. "Na... mtu akiipitisha kwa kundi? Kwa nia njema?"

"Naye amekosea. Nia njema haiivishi nguo picha. Mbona wauliza?"

Kyalo akaungama. Kavata akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kumbe kina Eugene ninao wawili!"

"Ya kundini ifute kwa wote, sasa hivi," Mama Cindy akaamuru. "Waombe walioihifadhi nao waifute. Ile uliyotumiwa na Eugene iache, uwaonyeshe polisi. Wao tu!"

Kyalo akafuta, akawaandikia wenzake nao wafute.

Asubuhi wakaenda wote watatu. Kavata aliongea kwa shida, Mama Cindy amemshika mkono. Jumamosi Eugene akakamatwa, na simu yake ikachukuliwa.

Hata hivyo, Jumapili kanisani Kavata hakusikia mahubiri. Alikuwa akiutazama mkoba wa mamake. Simu iliyomo haikulia. Mama aliimba hadi mwisho.

Jumatatu saluni ikafunguliwa. Sanga, mmoja wa lile kundi la Gongoni, alimleta mkewe kusukwa.

"Pole, dada," alisema. "Niliifuta. Lakini na wewe, ulijipigia nini picha ile?"

Kavata akasimamisha kitana.

"Sanga, wewe huoga na suruali? Siku mtu akitoboa bafu lako akaita mtaa mzima uchungulie, tukushtaki wewe kwa kuoga?"