Fundi Wangu

"Fundi, ukimaliza hapo naomba upite na kwangu. Mapazia yangu yamebaki matambara ya kudekia."

Binti alikuwa juu ya stuli, pini mdomoni, anapachika pazia la sebuleni. Aliyesema alikuwa mama mwenye nyumba, amesimama mlangoni, mikono kiunoni, macho yanazunguka chumba kizima. Binti hakuona neno. Kushona ndiyo kazi yake. Alitoa pini akamjibu kwamba atapita, jirani hanyimwi.

"Jirani? Kwani na wewe unahamia mtaa huu?"

"Si nahamia hapa hapa, mama. Mwisho wa mwezi."

Mama mwenye nyumba alisogea karibu. Akamtazama yeye, akatazama zulia, akashusha sauti.

"Mwanangu, mpangaji wangu kaniambia mchumba wake ni nesi, na leo anamleta aione nyumba. Wewe kasema ni fundi wake."

Binti alishuka kwenye stuli polepole.

Fundi wake. Jina hilo mpenzi wake, muuza vipuri, alimpa tangu siku ile aliyoleta suruali ikatwe pindo. Asubuhi ujumbe unaingia: "Umeamkaje fundi wangu?" Usiku: "Lala salama fundi wangu." Mashoga zake waliitwa asali na malaika, naye akawaringia kwamba la kwake halifanani na la mtu. Na muuza vipuri alipopanga nyumba hii, ikiwa na kuta zilizochujuka na sakafu inayotoa mwangwi, alimtia funguo mkononi akasema, "Fundi wangu, nifanyie pawe nyumbani." Alilia kwa furaha.

Basi akapafanya. Alipaka rangi mwenyewe hadi nywele zikawa za maziwa. Mama mwenye nyumba hataki msumari ukutani, kwa hiyo picha alizining'iniza kwa kamba kutoka kwenye bomba la pazia. Zulia alilisuka kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini, foronya akazidarizi maua. Mama yake mzazi alimuuliza huyo mtu atakuja lini nyumbani kujitambulisha. Yeye akacheka, akasema mtu akishakupa funguo amebakisha nini?

"Amebakisha kukutaja mbele za watu," mama yake alisema. "Wewe umewahi kumsikia?"

Aliudhika siku ile, akamwambia mama yake ana wivu wa kizee. Leo maneno yale yalimchoma kuliko pini.

Alimpigia simu muuza vipuri. Haikupokelewa. Ujumbe ukaingia:

"Fundi wangu nina wateja. Ukimaliza acha funguo kwa mama mwenye nyumba uende. Leo usinisubiri."

Hasira ilimpanda taratibu, kama maji ya moto. Akanawa uso, akarudi juu ya stuli, akaendelea kupachika. Mama mwenye nyumba naye akajikalia kwenye kochi, hana haraka.

Jioni walifika. Nesi alikuwa mdada mchangamfu. Alivua viatu mlangoni asilichafue zulia, akagusa mito, akasema pamependeza mpaka anaogopa kukaa.

"Ndiye huyu fundi uliyekuwa unamsifia?"

Macho ya muuza vipuri yalimwangukia binti, yanaomba.

"Ndiye. Fundi wangu huyu, ana mikono."

Binti aliinamisha kichwa, akaitikia asante. Nesi akapitiliza chumbani, akashika pazia, akaita kutoka huko huko.

"Fundi, hili mbona zito? La sebuleni si jepesi?"

Binti alimfuata hadi mlangoni. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Nimelitia bitana, dada. Jua la asubuhi linaingia hapo, na yeye hulala upande wa dirishani. Likimpiga usoni anaamka na kichwa, siku nzima hasemeki."

Kochi la sebuleni lililia, mama mwenye nyumba amesogea asikie vizuri.

"Umejuaje upande anaolala?"

"Mpenzi, mimi nilimwambia," muuza vipuri aliingilia. "Fundi si lazima ajue..."

"Nimemuuliza yeye. Dada, mpigie simu."

Binti alipiga. Simu ikalia mfukoni mwa muuza vipuri. Nesi akaichomoa, akasoma kwa sauti jina lililotokea kwenye kioo: "Fundi Mapazia." Halafu, sijui nini kilimtuma, akatoa simu yake mwenyewe, naye akapiga. Kioo kikawaka tena.

Alikiangalia muda mrefu. Kisha akamgeuzia binti asome.

"Nesi Chanjo," binti alisoma.

"Mwaka mzima," nesi alisema. "Mwaka mzima mimi ni chanjo."

Binti alivuta stuli hadi dirishani, akapanda, akaanza na lile zito. Nesi akashika stuli isiyumbe.

"Fundi wangu, tafadhali, usinivunjie nyumba yangu."

"Nyumba ni ya mama pale. Mapazia ni yangu. Na usiniite hivyo tena, mimi nina jina, na hulijui vizuri."

Walishusha kila kitu, yeye na nesi, hadi foronya. Zulia walilikunja, huyu mbele huyu nyuma. Chumba kikarudia mwangwi wake, na muuza vipuri akabaki katikati amejishika kiuno, hana hata mto wa kuegemea.

Nyumbani, mama yake aliona mzigo ule, akampokea bila swali. Binti akaanguka begani kwake, akalia kama mtoto.

Nanyi mabinti mnaosoma hapa, majina matamu ya simuni yasiwalevye. Kabla hujampakia mtu rangi ukutani, msikie kwanza anakutajaje kwa mwenye nyumba wake.

Binti alitimiza ahadi yake: mapazia yale leo yako kwa mama mwenye nyumba, lile zito limemwenea chumbani sawasawa. Ng'ambo ya ua, muuza vipuri ameziba dirisha kwa shuka. Shuka ni jepesi. Kila asubuhi wapangaji wanamsikia akigomba peke yake.