Zamu ya Mguu wa Tatu

Jua lilikuwa linazama Nyundo aliposhuka kugonga vyuma.

Kazi ya kila jioni, hakuna cha ajabu. Jukwaa la gesi lilisimama katikati ya bahari kwa miguu minne ya chuma, na yeye kazi yake ilikuwa kuteremka ngazi hadi karibu na maji, kugonga viungo vya miguu hiyo na kutega sikio. Ndiyo maana wenzake walimwita Nyundo. Kiungo kizima hulia kama kengele. Kilichochoka hukohoa.

Maana chuma huchoka, jamani, msidanganyike! Wimbi moja halikivunji. Linakipinda kidogo tu, kinarudi. Linakuja jingine. Na jingine. Chukua waya, uukunje huku na huku, uone kama hautakukatikia mkononi. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

"Shemeji, na hii chai je?" sauti iliita kutoka juu.

Ni Sukari huyo, mpishi wa jukwaa, mdogo wake mkewe Nyundo. Chai yake ilikuwa tamu hadi meno yanalia, jina likamganda. Nyundo ndiye aliyemtafutia kazi ile, na mkewe alimwambia mlangoni siku ya kuondoka: "Umemchukua mzima, umrudishe mzima." Jioni hiyo boti ilikuwa iwarudishe nyumbani wote wawili, lakini mawimbi yalikataa. Nahodha akasema hadi kesho.

"Ngoja nimalize mguu wa tatu," Nyundo alijibu.

Pale jukwaani kulikuwa na desturi moja. Mtu haachi zamu mpaka anayeingia atamke kwa kinywa chake: "Nimepokea." Bila neno hilo zamu ni yako, hata ukizirai. Walilizoea hadi likawafuata majumbani. Mkewe Nyundo akikabidhiwa mtoto alisema "Nimepokea!" na nyumba nzima ikacheka.

Akagonga mguu wa tatu.

Ko.

Sauti butu. Akagonga tena kuhakikisha, kama ambavyo fundi yeyote angefanya.

Ko... Hii haikuwa yake. Ilitoka ndani.

Kisha akasikia harufu ya chuma kinachochomelewa. Nywele zikamsimama, kwa sababu mchomeleaji wao hakuwepo. Wimbi lilimchukua msimu uliopita, mahali hapo hapo, akiziba ufa wa kiungo hicho hicho. Mwili haukuonekana. Mwenzake wa zamu alikuwa bado yuko kwenye ngazi, hakuwahi kumpokea.

Nyundo akawasha tochi. Mama yangu! Ufa ulizunguka karibu mguu mzima, mkono ungepita. Mguu wenye ufa wa namna ile hausimami. Huu ulikuwa umesimama.

Ndani ya ufa kulikuwa na vidole.

Vyeupe, vimevimba maji, vimeng'ang'ania kingo za chuma na kuzivuta zikutane. Wimbi likapiga. Vidole vikatetemeka.

"Nimechoka..." sauti ilinong'ona. "Nipokee."

Nyundo alielewa palepale, na heri asingeelewa. Asipojibu, yule ataachia, na watu wote walioko juu watakwenda na maji, Sukari akiwemo. Akijibu... Alifungua kinywa. Aliogopa, tuseme ukweli. Ulimi ulimkauka akabaki ameachama tu.

Kidole kimoja kikaachia. Chuma kikalia.

"Nipokee, ndugu yangu..."

"Nimepokea!"

Alikuwa Sukari, amesimama kwenye ngazi na kikombe mkononi, anacheka. Vidole vikazama ndani. Ufa ukajifunga, ukabaki mstari mwembamba kama uzi.

"Umempokea nani wewe?" Nyundo aliuliza.

"Si wewe umeniambia nikupokee?" Kikombe kilikuwa kimemtoka, kimetumbukia majini. Sukari aliitazama mikono yake ikijikunja ngumi. "Shemeji... mbona mizito?"

Asubuhi boti ilikuja. Mainjinia waliukagua mguu wakasema ufa ni mdogo, jukwaa ni imara, kazi iendelee. Nyundo aliwaeleza yote, hadi machozi. Mkubwa wake akamsikiliza kwa upole, akampa likizo akapumzishe akili.

Nyumbani ni mbali na bahari, safari ya kutwa. Lakini Sukari hukaa kitini ngumi zimefumbwa, hazifunguki hata akilala, na dada yake humlisha kwa kijiko. Siku bahari ikiwa shwari hutania kidogo. Siku nyingine mifupa yake hulia. Ko... ko... Daktari alisema ni uchovu. Mganga alizigusa zile ngumi mara moja, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Jana jioni Sukari aliinua kichwa.

"Dada..." alinong'ona. "Nimechoka. Nipokee."

Dada yake akaweka bakuli chini. "Nime..."

Nyundo alimrukia akamziba mdomo. Mkewe alimng'ata, akajinasua akilia.

"Ni mdogo wangu huyu! Neno moja tu la kumfurahisha, wewe linakuuma nini?"

Neno lile lilikuwa la kwake yeye, tangu pale kwenye ngazi, na analijua. Kila siku hupiga magoti mbele ya kile kiti, hufungua kinywa, na ulimi humkauka vilevile. Humpenda shemeji yake. Huogopa zaidi.

Jana pia alipiga magoti. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza kwamba bahari itachafuka kuanzia usiku huo. Kule jukwaani, saa kama hizo, watu huwa wanakula.

"Shemeji," Sukari alisema taratibu, "unisamehe."

Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kikafunguka.