Karobe ka Paillettes

Walikutana kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa pakiti moja ya paillettes.

Soko la Kenya, mjini Lubumbashi, lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, na katika ule mstari wa wauza vifungo na zipu huwezi kupita bila kukanyagwa. Wivine, fundi wa nguo, amevaa blauzi ya manjano na kitenge cha buluu kilichomkaa vizuri kiunoni, alinyoosha mkono kuichukua pakiti ya mwisho ya vile vidude vya fedha vinavyomeremeta. Mkono mwingine ulikuwa umeshaishika upande wa pili. Ulikuwa mkono mrefu, bado una subana kidoleni, kama wa mtu aliyeacha sindano mezani dakika hiyo hiyo.

"Achilia, papa. Miye njo nilikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza namna gani? Mukono yangu njo ilifika."

"Ilifika juu iko murefu! Na weye mwanaume, paillettes utafanya nayo nini?"

"Nitashona. Na weye?"

"Nitashona."

"Basi tugawe, weye nusu, miye nusu. Lakini hapa zitaanguka mu matope. Tuende ku atelier yangu, iko Bel-Air."

"Eh! Na hii tabia ya kuita banamuke ku atelier, ulianza lini?"

"Leo," alisema yule mwanaume, Mwenze.

Wivine akacheka bila kutaka. Mwaka ulipogeuka, cherehani yake ilikuwa imehamia kwenye karakana ile ya mtaa wa Bel-Air, mkabala na ya Mwenze, na moyo wake ulikuwa umetangulia zamani.

Waligawana kazi. Wivine alishona sare za shule, mishono imenyooka kabisa. Mwenze alishona maharusi na wacheza dansi, na kwa kutunga shanga na paillettes hakuwa na mshindani mtaani. Alikuwa mpole, shati limepigwa pasi hadi kola, na maneno yake yalikuwa machache.

Wivine naye alikuwa na vitu viwili vilivyojulikana na kila mtu. Cha kwanza ni binti yake Abigaïl, wa miaka sita, ambaye baba yake alikwenda Kolwezi kutafuta kazi akarudisha habari ya ndoa yake tu. Cha pili ni wivu. Tusimwonee, alikuwa na sababu ya kuupata. Lakini aliulisha mwenyewe kila siku, ukanenepa.

Sasa zilibaki siku tatu ifike prédot, ile siku wazee wa mwanaume wanakuja kujitambulisha rasmi nyumbani kwa mwanamke. Ilipangwa iwe Jumamosi, siku ya posho kama wanavyosema watu wa Lubumbashi. Mjomba wa Mwenze, Rigobert, angetoka Kipushi na wenzake wawili. Wivine alikuwa ameshahesabu viti.

Jumatano hiyo akaingia Marceline.

Marceline alicheza dansi mbele ya orchestre, bendi moja ya mjini, na kila alipoingia mahali manukato yake yalikuwa yameshaketi. Leo alivaa suruali ya kubana, wigi jekundu na viatu vilivyomwongezea nusu ya mkono.

"Mwenze chéri, costume yangu itaisha lini?"

"Bado, mama Marceline. Nitaanza na maquette kwanza."

Ndiyo ilikuwa kawaida ya Mwenze. Kitambaa cha wacheza dansi ni ghali, basi kabla ya kukikata alishona kwanza mfano mdogo wa vazi, maquette, mteja auone na kusema hapa ongeza, hapa punguza. Ukishakubalika, ule mfano ulitupwa kapuni pamoja na vipande.

"Unipime tena, chéri. Nadhani kiuno imepunguka," Marceline akasema, akainua mikono.

Wivine alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Kesho yake asubuhi simu ya Mwenze ikalia. Akaitazama, akatabasamu, akatoka nayo nje. Wivine akainuka kufungua dirisha, ingawa lilikuwa wazi.

"Eyo, ma belle... Kesho itaisha, couronne nimeisha kumaliza... Apana, apana! Wivine hajuwe kintu. Bisous, ma belle."

Ma belle, mrembo wangu, na mabusu pia! Mwenze alirudi, akachukua kofia, akasema anakwenda kununua elastiki. Hata kona hajafika, Wivine alikuwa ameshavuta droo yake.

Ndani, kwenye kitambaa cheupe, kulikuwa na karobe, kigauni cha kuchezea dansi kisichozidi urefu wa kiganja. Kifua chote paillettes za fedha na waridi, zimepangwa moja moja, zimelaliana bila mwanya. Sketi ya tulle, nyepesi kama wavu, ya ngazi tatu, na kila ngazi imezungushiwa shanga ukingoni. Pembeni taji la waya lililovishwa shanga, bangili mbili, na kimkoba cha kutosha kuhifadhi punje ya hindi. Wivine aliutambua mkono. Mishono ile midogo, huioni mpaka uliweke vazi machoni, Mwenze aliitoa kwa nadra. Yeye Wivine, mwaka mzima, hakuwahi kushonewa hata leso.

"Njo maquette ya ma belle," alisema kwa sauti, peke yake. "Na couronne juu!"

Akashika mkasi. Ulipita kwenye paillettes kwa kelele, kisha ukakuta kitu laini: bitana ya satini, imeshonwa kwa ndani kwa uangalifu mkubwa. Mkono wake ulisita. Maquette haiwekewi bitana, hata mtu aliyeanza kujifunza ushonaji juzi anajua. Lakini wivu hauna subira ya kuuliza maswali, na Wivine akaendelea kukata mpaka sketi ikatengana na kifua. Akaviacha vipande juu ya meza ya Mwenze, taji juu yavyo, akaenda zake nyumbani.

Simu ilimkuta njiani.

"Wivine. Niko mbele ya meza. Ni weye?"

"Ni miye."

"Juu ya nini?"

"Uulize ma belle yako. Uulize Marceline na kiuno yake yenye kupunguka!"

"Marceline? Maman, sikiya..."

"Miye hapana maman yako. Kale karobe kalikuwa ka nani? Sema."

Mwenze alisikika akikusanya shanga mezani.

"Nilimuahidi muntu sitasema," akasema Mwenze mwishowe. "Sitasema."

"Basi ukae na ule muntu. Ba oncle yako basikuye siku ya posho."

"Ni vile unataka?"

"Njo vile."

Alitegemea abembelezwe. Alitegemea simu ilie mara kumi, aikate mara tisa. Ikalia mara moja tu, kwa ujumbe: "Nimeisha kuambia ba oncle. Habatakuya." Kwa hiyo wajomba hawaji. Wivine alisimama katikati ya njia, watu wakimpita kushoto na kulia, akaona aibu ya kulia mbele yao, akalia.

Nyumbani mama yake, Mama Albertine, alikuwa uani akichambua samaki wakavu wa Pweto. Abigaïl alikaa kwenye mkeka na mwanasesere wake, Chouchou, aliyesukwa nywele upya na kufungwa leso tu mwilini.

"Juu ya nini Chouchou haiko na nguo?" Wivine aliuliza, ili tu aseme kitu.

"Anangojea."

"Anangojea nini?"

Mtoto akamtazama bibi yake. Mama Albertine akaacha samaki.

"Umuambie tu. Mama yako ametoka kulia. Na miye nimechoka, kila siku muko na téléphone yangu, ma belle hapa, ma belle pale."

"Ma belle?" akauliza Wivine.

"Papa Mwenze alikuya kuniomba," alisema Abigaïl. "Alisema anataka kukuoa, lakini ba oncle habawezi kukuya kama miye sikubali. Nikamuambia, nitakubali kama Chouchou atapata karobe ka kucheza ku mariage. Ka kuangaza. Na couronne, na tubracelet, na kasac. Akamupima na mètre, mama, hata mukono! Nikamuambia tena aweke doublure, juu paillettes zinakwaruza Chouchou. Na asikuambie weye, ni surprise."

Wivine akakaa chini, kitenge na vyote, juu ya magamba ya samaki. Alikuwa amemwonea wivu mwanasesere. Na mwanasesere mwenyewe alilala kitanda kimoja naye kila siku.

"Karobe kataisha kesho," alisema Abigaïl, akiendelea kumchana Chouchou.

Ijumaa asubuhi na mapema Mwenze alikuwa mezani, vipande vimetandazwa mbele yake. Hakuinua kichwa Wivine alipoingia.

"Abigaïl aliniambia," alisema Wivine.

"Vizuri."

"Mwenze, unitukane basi."

"Nikutukane nitapata nini? Siku tano nilishona ile kintu. Macho inaniuma. Lakini haiko ile njo inauma zaidi." Akamtazama. "Weye ulifikiri miye ni ule wa Kolwezi."

Ndivyo Wivine alivyofikiri. Akavuta kiti, akajivutia vipande upande wake.

"Miye sijue kutunga paillettes sawa weye. Unionyeshe."

Mwenze akatia uzi kwenye sindano nyembamba, akampa. Wakafanya kazi bila kuzungumza, isipokuwa "vuta," na "siyo hapo," na mara moja, "pole, kidole." Kufika adhuhuri kifua kilikuwa kimeungana, na kovu limepita katikati, linaonekana ukijua pa kutazama. Sketi ilikuwa bado.

Ndipo Abigaïl akaingia na sare yake ya shule, amemshika bibi mkono mmoja na Chouchou mkono mwingine. Akaiona sketi peke yake. Akamziba Chouchou macho.

"Ni machine," Mwenze alisema haraka. "Machine ilikula karobe, ma belle, lakini..."

"Apana," Wivine akamkatiza. "Haiko machine. Ni miye. Nilikata na mukasi."

Abigaïl akamtazama mama yake kama mtu asiyemjua.

"Juu ya nini?"

"Wivu. Nilifikiri ni ya mwanamuke mwingine. Sikuuliza, nikakata. Nilifanya mubaya, unisamehe."

Mtoto alikwenda mpaka mezani, akagusa paillettes kwa kidole, akaukuta mshono mpya, akaufuata juu mpaka chini. Halafu akamgeukia Mwenze.

"Papa Mwenze, utamuoa hata vile?"

Wivine hakuthubutu kuinua macho. Mama Albertine naye alijidai anatafuta kitu mkobani.

"Nitamuoa hata vile," alisema Mwenze. "Lakini ni yeye njo alifukuza ba oncle. Ni yeye njo atabaita."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, na ilikuwa kubwa. Mwanamke kumpigia simu mjomba wa mwanaume kabla hata ya prédot, amwombe aje! Wivine akajifuta viganja, akaichukua simu ya Mwenze, akapiga amesimama.

"Oncle Rigobert, bonjour. Ni miye Wivine... Eyo, ule mwenye kukataa. Kosa ni yangu, oncle, Mwenze hakufanya kintu. Naomba musamaha. Naomba mukuye kesho."

Upande wa pili palikuwa na kikohozi kirefu cha mzee anayejua anangojewa.

"Na mutoto?" sauti ikauliza. "Mwenze alituambia kwanza mutoto akubali. Anakubali?"

Wivine akamnyooshea binti yake simu.

Abigaïl aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama sketi, akamtazama Mwenze, akamtazama mama yake sana.

"Bonjour, oncle," alisema. "Mukuye. Lakini mukuye kisha saa sita ya midi, juu mama iko na kazi bado."