Kona ya Kushoto ya Kitambaa cha Altare

Marged aliondoka nyumbani jioni, giza likianza kuingia, kitambaa cha altare kimekunjwa ndani ya gazeti kisilowe. Mvua ya Novemba ilikuwa ikinyunya. Nesta, binti yake wa miaka mitatu, alibaki kwa jirani akila mkate wa siagi.

"Mama, usikawie."

"Sikawii, kipenzi."

Kazi ya kufua vitambaa vya kanisa alipewa na Mzee Probert, mtunza kanisa, wiki ya tatu baada ya mazishi ya mwanawe, Ifor. Mzee hakusema pole. Alileta kikapu cha vitambaa na mayai sita, akasimama mlangoni akipangusa viatu muda mrefu.

"Kona ya kushoto ya hiki kikubwa usiipige pasi. Iache na makunyanzi yake. Mama yangu aliiacha, bibi yangu aliiacha."

"Kwa nini?"

"We iache tu, binti yangu. Au pasi yako ina njaa?"

Ilikuwa mara ya kwanza Marged kucheka tangu msiba.

Lakini leo alisahau. Alipiga pasi huku akimwaza Ifor wake wa miaka sita, siku zile za homa, alivyokuwa akishika ncha ya shuka na kuizungusha mara mbili kwenye kidole gumba, hata usingizini. Alipozinduka, kona ilikuwa imenyooka kama karatasi.

Ndani ya kanisa kulikuwa na baridi zaidi kuliko nje. Watawa Wabenedikto walilijenga miaka mia tisa iliyopita: nguzo nene ambazo watu watatu hawawezi kuzikumbatia, matao ya mviringo walikokaa wanakijiji, matao yaliyochongoka mbele, walikoimba watawa. Ubavuni ilipanda ngazi ya mawe. Zamani watawa waliishuka kila usiku kutoka chumba chao cha kulala, waje kusali. Mlango wa juu ulizibwa kwa mawe zamani sana. Sasa ngazi ile haikwenda popote.

Marged alitandika kitambaa juu ya altare, ile meza ya ibada. Akakilainisha kwa kiganja.

Tap.

Alisimama.

Tap... tap...

Miguu mitupu, midogo. Ilikuwa ikishuka ngazi.

"Mzee Probert?"

Ikaja harufu ya nta, na ya nywele za mtoto aliyetoka kulala. Kona ya kushoto ikainuka yenyewe, polepole, ikajifunga mkononi mwake. Ndani ya kitambaa, vidole vidogo vikashika vidole vyake.

Vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

"Mama?" sauti ilinong'ona. "Umekuja?"

Alipapasa kidole gumba cha mkono ule, akitafuta kovu alilolipata Ifor dirishani.

Hakukuwa na kovu.

"Baba alisema utakuja Pasaka. Pasaka nyingi zimepita, mama. Twende nyumbani."

Marged alijua si wake. Hata hivyo hakuuachia. Miezi miwili mkono wake ulikuwa mtupu. Baridi ilipanda hadi kiwikoni, hadi begani... Akakumbuka kuna mtu anamngoja, mtu anayekula mkate wa siagi. Nani? Jina halikuja. Sura haikuja.

Hapo ndipo alipoogopa.

Alipiga magoti. "Mimi si mama yako, mwanangu."

Mtoto alilia bila kelele, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Marged hakuweza kuvumilia.

"Usilie. Mimi nina mvulana wangu, Ifor. Yuko hapo nje makaburini, peke yake. Mwite, mcheze."

Vidole vikaachia.

Mzee Probert alimkuta mlangoni akitetemeka. Akavua koti lake, akamfunika.

"Uliipiga pasi," alisema.

"Nilisahau. Nisamehe, mzee."

"Siku zile za watawa, wazazi walileta wana wao, wengine wa miaka saba tu. Mkono wa mtoto ulifungwa ndani ya kitambaa cha altare, na hapo alikuwa wa kanisa. Nyumbani harudi tena. Huyu mmoja bado anangoja. Yale makunyanzi ndiyo anayoyashika. Akiyakosa, hutafuta mkono." Akamtazama Marged. "Ulimwambia nini?"

Akamweleza.

Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka paani.

"Ulimtaja Ifor kwa jina? Kitambaa kikiwa mkononi mwako?"

"Ndiyo. Nilimwonea huruma. Nimekosea?"

Mzee alimfunga vifungo vya koti hadi kidevuni, kama anavyofungwa mtoto. "Twende. Nesta anakungoja."

Jumamosi iliyofuata Marged alirudi kuchukua kitambaa. Kona ya kushoto ilikuwa na makunyanzi yake ya siku zote. Alipumua.

Kisha akaiona ya kulia.

Ilikuwa imesokotwa. Imezungushwa mara mbili, kwa unene wa kidole gumba cha mtoto. Aliiinua hadi puani. Ilinuka dawa ya homa.

Hakupiga kelele. Alijaribu kuingiza kidole chake katika mzunguko ule, lakini hakikuenea. Hakujua ashukuru kwamba mwanawe amepata mwenzake, au alie kwamba amemtoa kwa kanisa kwa mdomo wake mwenyewe.

Tap... tap...

Safari hii ilikuwa miguu minne.

"Mama?"

Sauti hii aliijua.

Mwili wake wote uligeuka kuelekea ngazi. Akauma mdomo hadi ukatoka damu, akakazana kutamka jina moja, tena na tena, lisimtoke kichwani: Nesta, Nesta, Nesta. Alitembea hivyo hadi mlangoni, bila kuitika.

Tangu siku hiyo hupiga pasi katikati tu. Na kila anapotoka kanisani huacha mlango wazi kidogo, upenyo wa mtoto kupita, ingawa Mzee Probert amemwomba mara nyingi aufunge.