Aliyeogopa Kuandikwa Jina

Ndugu zangu wa Kasulu, tegeni sikio, na atakayejiona humu asininunie.

Asubuhi ile Vestina alikuwa akimenya mihogo uani kwake Kitanga, akifuatisha wimbo wa kwaya aliotoka akiuimba mumewe, Niyomwungere, alipokwenda kazini kwenye kiwanda cha mbao. Mihogo haijaiva, pikipiki ikamrudisha mume amejikunja kwa maumivu. Gogo lilikuwa limeteleza likampiga kiunoni.

Asnath, karani wa kiwanda, alifika mchana uleule na fomu mkononi. "Shemeji, weka sahihi hapa. Ni taarifa ya ajali kazini. Bila hii mfuko wa fidia hautajua kama umeumia."

Niyomwungere akageukia ukuta. "Sikuumia kazini. Nilianguka bafuni."

Vestina aliduwaa, kwa maana mumewe hakuwa mwongo. Lakini hofu ile aliijua. Kambi ya Mtabila ya wakimbizi wa Burundi ilipofungwa, majina yalisomwa kwenye orodha, na mama yake Niyomwungere akapandishwa lori kurudishwa Burundi. Yeye alibaki kwa shangazi. Uraia wa Tanzania alishapewa, cheti kimo sandukuni, ila kila karatasi inayotaka jina lake bado ilimtetemesha. Basi Vestina akanyamaza. Alikosea, tena sana. Kumhurumia mtu si kumwacha apotee.

Maumivu yakashuka mguuni. Hospitalini, Daktari William akawaambia, "Yuko mtaalamu wa tiba ya sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani. Pamoja na mazoezi, huenda zikakupunguzia maumivu. Kama uliumia kazini, nitaandika barua tuombe mfuko ugharamie. Siahidi watakubali, ila tutaomba. Uliumia wapi?"

"Bafuni."

Daktari akaandika: bafuni.

Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Niyomwungere akaenda kwa siri Kibondo, kwa mtu aitwaye Leonidasi, aliyejifunza kuchoma sindano kwa kutazama tu. Sindano zake alizifuta kwa kitambaa kimoja, akahamia mgonjwa mwingine. Lakini hakumuuliza mtu jina, na ndiyo maana Niyomwungere alimpenda. Siku ya tano paja lilivimba, likawa la moto, na homa ikamwangusha.

"Usaha umeingia ndani," Daktari William alisema. "Tunapasua leo. Tukichelewa, mguu utakatwa."

Vestina akamwinamia mumewe. "Baba Irakoze, nimenyamaza vya kutosha. Unaogopa karatasi kuliko kaburi?"

"Mana yanje, Mungu wangu, Vestina! Mama yangu aliandikwa, hakurudi."

"Najua. Lakini leo hakuna anayekufukuza. Unajifukuza mwenyewe!"

Niyomwungere akalia. Kisha akasema, "Mwite Asnath alete ile fomu."

Mguu uliokolewa. Kwa kuwa hospitali ilishaandika bafuni, maombi yalikwama miezi minne, maswali juu ya maswali, hadi Evaristi, mfanyakazi mwenzake aliyeliona gogo likimpiga, akatoa ushahidi. Majibu yakaja: tiba ya kiuno italipiwa, na sindano za mtaalamu pia. Madhara ya Leonidasi, hapana. Na msuli uliooza pajani haukurudi. Niyomwungere anatembea kwa fimbo, na gogo hatabeba tena.

Siku ya kwanza ya tiba, muuguzi alitoka na orodha akaanza kusoma majina. Niyomwungere akaubana mkono wa mkewe hadi ukauma.

"Niyomwungere!"

Muuguzi akarudia:

"Niyomwungere yupo?"

Akajikongoja, akasimama kwa fimbo yake. "Nipo," alisema.

FUNZO

Wafanyakazi wenzangu, ukiumia kazini sema siku hiyohiyo, na umwambie daktari ukweli ulivyo. Tiba ya sindano ina wataalamu wake. Usimpe mwili wako mtu kwa sababu tu haulizi maswali. Nanyi mnaowapenda watu wenye hofu, msiwasaidie kujificha. Vestina angesema neno moja siku ya kwanza, mumewe angekuwa anatembea bila fimbo.