Ungo wa Kalunde

Enzi zile misafara ya chumvi na majembe ilipovuka nyika kwa miguu, nchi ya Usenda ilitawaliwa na Mtemi Lugeye kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa dhalimu. Walinzi wake wenyewe walimchoma mikuki, na watu wakacheza ngoma siku nne. Kisha, katika mwaka mmoja, wakasimikwa watemi wanne, na wote wanne wakauawa.

Wengi walisema nchi imelaaniwa. Haikulaaniwa. Kalunde binti Shimba alikijua chanzo, maana kilianza siku baba yake alipouawa.

Zamani, katika baraza la Usenda, mtu mmoja aliketi na ungo magotini. Neno likimkwaza, aliufudikiza ungo chini, na shauri lilisimama hadi ajibiwe. Shimba alikuwa wa mwisho kuushika. Alipoufudikiza kupinga vita vya Lugeye, alikatwa kichwa, na tangu siku hiyo wazee wakabaki na neno moja tu: ndiyo. Lugeye alikufa, 'ndiyo' haikufa. Kila mtemi mpya alikubaliwa na wote barazani, kisha hao hao wakatoka nje kunoa mikuki.

Kalunde alikuwa uhamishoni kwenye machimbo ya chumvi tangu kifo cha baba yake, alipopata habari kwamba jemadari Lukanda atasimikwa awe wa tano, na kwamba jemadari Masele ameficha wapiga upinde nyuma ya mji. Akatembea siku saba, ungo mgongoni.

Aliingia barazani adhuhuri. Lukanda alikuwa amevaa ngozi ya simba, bangili za shaba hadi viwikoni. Wazee walikuwa wamekwisha kusema ndiyo, na Masele ameisema kwa sauti kuliko wote. Kalunde akapita katikati yao, akaufudikiza ungo miguuni pa Lukanda.

"Mama, umepotea," Lukanda akasema. "Jiko liko nyuma ya nyumba."

Watu wakacheka.

"Sikupotea. Nimekuja kupepeta. Makapi yamejaa humu."

Kicheko kikakatika. Lukanda akanyanyua mkuki, ncha ikamgusa Kalunde kooni.

"Baba yako aliuawa kwa sababu ya ungo kama huu."

"Aliuawa akiwa ameketi. Watemi wanne wamekufa wakikimbia. Chagua kifo chako. Kikulacho ki nguoni mwako, Lukanda." Kisha akageuza macho tu, shingo haikutikisika. "Nawe Masele, hiyo 'ndiyo' yako ina mishale mingapi?"

Masele akasimama.

"Wapiga upinde mia tatu," akasema. Kisha akamgeukia Lukanda. "Watu wako walichukua ng'ombe wa mama yangu, Lukanda. Sikubali utawale."

Lukanda akashusha mkuki polepole.

"Mbona hukuniambia?"

"Nani humu amewahi kumwambia mtu ukweli?"

Walibishana siku mbili, wakatukanana hadi sauti zikawakauka. Ng'ombe wakarudishwa. Wapiga upinde wakaenda kwao na mishale yao yote. Lukanda akasimikwa, na Kalunde akaketi kulia kwake na ungo magotini. Alimpinga mara thelathini na moja, na mtemi huyo akatawala hadi akaota mvi.

Waimbaji walihifadhi vita vya Lukanda. Jina la Kalunde walilisahau. Lakini Usenda, shauri likipita upesi mno, mtu yeyote, hata mchimba chumvi, huuliza: "Ungo uko wapi?"

Na wakuu hunyamaza, wakasikiliza.